Mizani ya Dakika ya Ishirini

Kila mwaka, ifikapo Septemba na Oktoba, macho ya wapenzi wa simu huelekea Cupertino, San Diego na Hsinchu kungojea habari za prosesa mpya, na kila mwaka habari hizo huja na pambo lile lile: asilimia za kasi iliyoongezeka, mabilioni ya transista yaliyokusanywa katika kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba, na jedwali la alama ambalo ndani yake chipu mpya imeishinda ile ya mwaka uliopita. Msimu ulio mbele yetu umetiwa shauku kuliko mingine, kwa kuwa ni msimu wa nanomita 2. TSMC ya Taiwan, ambayo ndiyo itengenezayo chipu za Apple na zile kubwa za Qualcomm na MediaTek, ilianza kuzalisha kwa wingi kwa teknolojia hiyo katika robo ya mwisho ya mwaka 2025, na Samsung nayo imekwisha kuitangaza Exynos 2600 kwa kipimo hicho hicho. Kabla wauzaji hawajaanza kuyakariri matangazo hayo madukani, nimeona ni wajibu kulifungua toleo hili kwa hoja moja ambayo naiamini kwa moyo wote: kwamba prosesa ya simu hupimwa, husifiwa na huuzwa kwa dakika yake ya kwanza, ilhali mwenye simu hukaa nayo katika dakika ya ishirini na zote zinazofuata, na kwamba mizani isiyoipima dakika hiyo ya ishirini haina insafu kwa mnunuzi.

Na tuanze na hizo nanomita. Zamani hesabu hiyo ilikuwa urefu wa kitu halisi kilichomo ndani ya transista. Leo ni jina la kizazi tu, wala haipimi upana wa waya wala wa lango lolote. Kilicho kipya kweli ni umbo. Transista za kizazi kilichotangulia zilikuwa ukuta mwembamba ambao lango la kudhibiti umeme liliukumbatia kwa pande tatu. Hizi za sasa ni tepe nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, na lango huzizunguka pande zote nne, hata umeme usipate upenyo wa kuvuja wakati transista imezimwa. Samsung ilitangulia kulitumia umbo hili mwaka 2022, na TSMC imeliingia sasa. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na asiyeistaajabia hajaifahamu. Lakini yasomwe kwa makini maneno ya TSMC wenyewe, ambao hawakuficha kitu: teknolojia yao ya N2, ikilinganishwa na N3E iliyoitangulia, hutoa kasi zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kwa umeme ule ule, au hupunguza umeme kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ile ile. Faida hizo mbili hazipatikani zote kwa ukamilifu wake katika chipu moja na kwa wakati mmoja. Mchoraji wa chipu akitaka kasi yote, umeme haupungui. Akitaka umeme upungue kwa kadiri yote iliyoahidiwa, kasi itabaki kuwa ya mwaka jana. Na akiyasukuma mapigo ya chipu kupita mpaka, kama ilivyo desturi ya miaka hii, ataila faida yote na kukopa juu yake. Uamuzi huo hauandikwi katika tangazo, na juu ya hayo ndio unaoamua kama simu ni njema au si njema.

Sababu yake ni ya maumbile, wala haina hila. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na idadi ya mapigo yake kwa sekunde, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Na kwa kuwa mapigo ya kasi sana hayawezekani bila ya kuiongeza volti, gigahezi ya mwisho daima huwa ghali kuliko ya kwanza. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, na volti ikapunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo, chipu haitazidi joto ingawa idadi ya transista imeongezeka. Na kwa takriban miaka thelathini mafundi wa ulimwengu waliishi katika neema ya kanuni hiyo, mpaka ilipofika kama mwaka 2005 volti ikakataa kushuka zaidi. Tangu hapo kila nyongeza ya kasi huja na deni la joto. Kompyuta ya mezani hulilipa kwa feni. Simu ya kawaida haina feni. Ina bamba la kioo, fremu ya chuma na kiganja cha mwenyewe, na kwa njia hizo haiwezi kutoa mfululizo ila wati chache. Ndipo prosesa, baada ya kukimbia muda mfupi, hujipunguzia mapigo yenyewe isije ikaungua, na ile alama iliyoimbwa siku ya uzinduzi ikawa haionekani tena mpaka simu ipoe.

Jambo hili hunisikitisha zaidi nikumbukapo asili ya prosesa hizi, kwa sababu nasaba yao ni nasaba ya uwekevu. Karibu simu zote za leo, ziwe za bei ya ng'ombe au za bei ya kuku, hutumia lugha ya mashine iliyotokana na ile iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ndogo ya Acorn, na Sophie Wilson na Steve Furber, ambao chipu yao ya kwanza, ARM1, ilifika mikononi mwao Aprili 1985. Acorn haikuwa na fedha ya kuziweka chipu zake katika makasha ya kauri yanayostahimili joto. Ilimudu makasha ya plastiki tu, na plastiki haivumilii chipu inayokula zaidi ya wati moja hivi. Kwa hofu ya kuuvuka mpaka huo, na kwa kuwa walikuwa wachache wasioweza kubuni kitu chenye utata mwingi, waliichora chipu nyepesi kupita kiasi. Furber alipotaka kuupima umeme unaoingia, kipimo kilionyesha sifuri, ilhali chipu inafanya kazi. Kumbe waya wa umeme ulikuwa haujaunganishwa, na chipu ilikuwa ikiishi kwa mabaki ya umeme yaliyopenya kupitia nyaya za mawasiliano. Kitu kilichozaliwa hivyo ndicho kilichofaa baadaye kutiwa katika simu. Wenye prosesa kubwa za kompyuta walijaribu kuingia katika simu wakashindwa, kwa kuwa hawakuwahi kulazimika kubana matumizi. Na leo warithi wa chipu hiyo wanashindana kwa gigahezi: Snapdragon ya kwanza ya Qualcomm, iliyotangazwa mwaka 2007, ilikuwa na kiini kimoja cha gigahezi 1, ilhali Snapdragon 8 Elite Gen 5 ya Septemba 2025 ina viini vinane, na viwili kati yake hufika gigahezi 4.6.

Wala si mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuleta hasara. Mwaka 2015 Snapdragon 810 ilipata sifa mbaya ya joto hata Samsung ikaiacha kabisa katika Galaxy S6 na kutia chipu yake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021 ikatoka Snapdragon 8 Gen 1, iliyotengenezwa katika viwanda vya Samsung, nayo ikalalamikiwa vivyo hivyo. Na Mei 2022, kabla mwaka haujatimia, Qualcomm ikatoa 8+ Gen 1, ambayo kwa sehemu kubwa ni mchoro ule ule uliohamishiwa TSMC, ikala umeme mdogo zaidi na kudumu zaidi katika kazi ndefu. Waliokuwa wamekwisha nunua ile ya kwanza walibaki nayo. Kuna na lililo baya zaidi, maana hilo la joto ni kosa la uhandisi, na hili ni kosa la uaminifu: tangu mwaka 2013, jarida la AnandTech lilipofichua, imejulikana kwamba watengenezaji kadhaa huzifundisha simu zao kuzitambua programu za mtihani, ili prosesa iachiwe huru inapopimwa na kufungwa hatamu inapotumika. Mwaka 2022 wasimamizi wa Geekbench, mojawapo ya programu hizo za mtihani, waliziondoa simu kadhaa za Galaxy katika orodha yao kwa sababu ya namna hiyo, baada ya kubainika kuwa programu za kawaida zilipunguziwa kasi na ile ya mtihani haikuguswa. Lau wanunuzi wangalikuwa wakiuliza habari za dakika ya ishirini, udanganyifu huo usingekuwa na faida kwa yeyote.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwetu sisi tunaoishi kandokando ya Bahari ya Hindi. Vipimo vinavyochapishwa hufanywa katika vyumba vilivyopozwa. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari kivuli peke yake kina nyuzi 32 au 33, na simu inayoanza kazi ikiwa na joto hilo imekwisha poteza sehemu kubwa ya akiba yake kabla haijaguswa. Mtazame dereva wa bodaboda aliyeifunga simu yake kwenye usukani, ramani imewashwa, mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho ili akione juani, data inapita, na waya wa chaji umechomekwa. Huyo ndiye mtumiaji mgumu kuliko mcheza michezo yeyote wa Seoul, na anachokipata saa saba mchana ni kioo kilichojififiza chenyewe, chaji iliyokataa kuingia, na ramani inayosuasua wakati abiria anamwuliza wamefika wapi. Kwake yeye asilimia 30 ya umeme uliopungua ni riziki. Asilimia 15 ya kasi hataiona.

Wala chipu za nanomita 2 hazitamfikia upesi. Simu zinazouzwa kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Luthuli, Nairobi, ambazo nyingi ni Tecno, Infinix na itel za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, hubeba chipu za Unisoc na za MediaTek aina ya Helio, ambazo aghalabu zina viini sita vya Cortex-A55, kilichotangazwa mwaka 2017, pamoja na viwili vilivyo na nguvu zaidi kidogo. Nasema hivi bila kuzidharau, kwani Helio G99, kwa mfano, ni chipu ya TSMC ya nanomita 6, nayo hupita siku nzima ya kazi kwa utulivu ambao chipu ghali za mwaka 2015 hazikuujua. Na simu ya namna hiyo inapoganda katikati ya kutuma pesa au kufungua WhatsApp, mara nyingi prosesa haina hatia: kilichoelemewa ni RAM ndogo, au hifadhi ya eMMC iliyojaa picha na video za makundi hata haina nafasi ya kupumua. Mwenye fedha ya kuongeza kidogo na aiongeze katika RAM na katika hifadhi ya aina ya UFS, iliyo na kasi kuliko eMMC, kabla hajainunua chipu yenye jina kubwa.

Ni haki kuwasikiliza wanaopinga. Wao husema kwamba kazi nyingi za simu ni za sekunde moja au mbili, kufungua kamera, kuonyesha ukurasa, kusoma alama ya kidole, na kwamba chipu inayoimaliza kazi upesi hurudi kulala upesi, hivyo huokoa chaji. Ni kweli. Kadhalika, tangu Google ilipoahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8, Oktoba 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24, Januari 2024, nguvu inayoonekana kuzidi leo ni akiba ya kuzibeba programu nzito za mwaka wa sita na wa saba. Na mtu anayeinunua simu hiyo ikiwa imetumika, kama wengi wetu tufanyavyo, ndiye atakayeila akiba hiyo. Nayakubali yote mawili. Hata hivyo chipu iliyochorwa kwa dakika ya ishirini huyatimiza hayo pia, ilhali iliyochorwa kwa dakika ya kwanza huitumia betri kwa pupa, na betri iliyopikwa kila siku haifiki huo mwaka wa saba.

Kuhusu akili mnemba, ambayo itatajwa katika kila uzinduzi, nitasema machache. Sehemu ya chipu iliyotengwa kwa kazi hiyo ina manufaa makubwa pale inapotafsiri na kuandika maneno yasemwayo bila ya intaneti, lakini kasi yake haimfai msemaji wa Kiswahili ikiwa hakuna aliyeifundisha Kiswahili. Na kwa jambo hili watu waliojitolea kuchanga sauti zao katika mradi wa Common Voice wa Mozilla wametutendea wema ambao hakuna kiwanda cha chipu kingeweza kuutenda.

Dalili njema zimeanza kuonekana. Mwaka 2025 Apple, ambayo kwa miaka mingi ilijivunia kasi ya papo kwa papo, ilitia katika iPhone 17 Pro chemba ya mvuke ya kusambaza joto, kitu ambacho wenzake wa Android walikuwa nacho kitambo, na katika uzinduzi ikasifu kazi inayoendelea kwa muda mrefu. Ushindani ukihamia huko, basi nanomita 2 zitakuwa na maana kwetu.

Kwa upande wetu, kuanzia toleo hili jarida halitachapa tena alama moja peke yake. Kila simu itapewa alama mbili, ya dakika ya kwanza na ya dakika ya ishirini ya kazi isiyokatizwa, zikiwa kando kwa kando na kwa herufi za ukubwa mmoja, pamoja na joto la mgongo wa simu na asilimia ya chaji iliyoliwa kati ya hizo mbili. Vipimo vitafanywa barazani, mchana, bila ya kiyoyozi wala feni, kwa programu za mtihani zilizobadilishwa majina ili simu isizitambue. Na simu zenyewe zitanunuliwa dukani kwa fedha ya jarida, kama anavyonunua msomaji, wala hatutapima iliyoletwa na mtengenezaji.