Taa ya tawi la mpera

Juma hili hatuzungumzi juu ya chungu wala juu ya shamba. Tunazungumza juu ya taa, taa ya mti tuliyojitengenezea nyumbani, na sababu iliyotufanya tuitengeneze.

Tuanze darasani, maana huko ndiko jambo lilikoanzia. Sisi walimu tunaposahihisha madaftari, mara nyingi pua inatuambia ni daftari la nani kabla macho hayajasoma jina. Madaftari ya wasichana wengi yananuka moshi. Kona za karatasi zina masizi, na hapa na pale utaona tone la mawese. Madaftari ya kaka zao, watoto wa nyumba ileile, ni safi. Sababu haikufichika. Kijana anasomea sebuleni penye taa. Msichana anasomea jikoni, daftari juu ya goti, mkono mmoja ukikoroga sombe, na mwangaza wake ni ule wa kuni.

Jambo hilo tulilisema mbele ya wazazi mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Kisha jioni moja tukachukua daftari la binti yetu wenyewe, aliye mwaka wa sita wa masomo ya msingi na anayengoja mtihani wa taifa. Tulilifungua, likanuka moshi.

Hapo tulinyamaza. Nyumbani kwetu tulikuwa na taa moja ya batri iliyokaa juu ya kabati sebuleni, ikiwaangazia wageni hata siku ambazo wageni hawapo. Jikoni kulikuwa na kitaa cha kopo chenye utambi na petroli. Mwaka uliopita kitaa hicho kiliangushwa juu ya mkeka, na mtoto wetu wa pili akaungua mkono. Alitibiwa, akapona, lakini kovu liko. Na bado tulikuwa tumekirudisha jikoni, kwa kuwa tulisema hatuna kingine.

Baba watoto alisema, "Pano ya sola tunayo, batri tunayo. Tunachokosa ni taa moja inayoning'inia katikati, watu wote wakae chini yake." Mama mkwe akaongeza, "Basi iwe kubwa, nami nione kumenya karanga zangu." Ndivyo kazi ilivyoanza.

Tueleze sasa hatua kwa hatua, ili anayetaka aifuate.

Mti. Tulikata tawi la mpera lililonyooka kidogo na kupinda kidogo, urefu wa metre moja, unene wa kiwiko cha mtoto. Mpera ni mgumu, haupasuki ovyo, na ngozi yake ikitoka unabaki laini. Tawi bichi halifai: likikauka baadaye litapinda na kulegeza kila kitu. Tulilimenya ganda siku ileile, tukaliweka juu ya utara wa jikoni majuma matatu. Moshi ule unaochafua madaftari hapo ulitufaa, kwani wadudu wanaotoboa mti na kuacha unga hawaupendi. Baadaye tulilisugua kwa majani ya msasa, kama wazee walivyosugua mipini, tukalipaka nta ya nyuki iliyopashwa moto. Msipake mawese, hayakauki vizuri, na vumbi lote la nyumba litaganda pale.

Matundu. Tulihitaji matundu matatu ya kupitisha nyuzi, na mawili ya kupitisha kamba karibu na ncha. Seremala jirani alitutobolea kwa sahani moja ya wali. Asiye na seremala achome tundu kwa chuma chembamba kilichowekwa motoni, nje ya nyumba, polepole.

Vifuniko. Tulikata vibuyu vitatu vidogo vikavu, tukavitoboa vitundu kwa msumari, tukaning'iniza kila kimoja juu ya ampule yake, mdomo ukitazama chini. Ndani tulivipaka chokaa nyeupe ili mwangaza urudi mezani. Angalieni hapa: kibuyu kinafaa kwa ampule za LED tu, maana hazichomi. Ampule ya zamani yenye uzi ndani, hasa ile inayotolewa kwenye mutuka, inapata moto mkali. Ukiifunika kwa kibuyu, unajitengenezea moto wa paa.

Nyuzi. Tulinunua ampule tatu za volti 12, kila moja wati 3. Kila ampule ina njia yake: nyuzi nyekundu zote tatu zinakutana pamoja, nyeusi zote tatu zinakutana pamoja, zikifungwa ndani ya domino, si kwa kusokotwa kwa vidole na kuachwa wazi. Hivyo ampule moja ikifa, mbili zinaendelea kuwaka. Ukizifunga kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine, volti 12 zitagawanyika mara tatu na hutapata mwangaza wa maana. Tena LED inachagua upande. Ukigeuza nyekundu na nyeusi, nyingi hazitawaka.

Hesabu. Wamama, tusiogope hesabu. Ndiyo ileile ya unga na idadi ya watu. Ampule tatu za wati 3 ni wati 9. Batri yetu ndogo ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Kuzidisha 12 kwa 7 ni 84. Lakini batri ya risasi ikimalizwa kila usiku inakufa mapema, kwa hiyo tunatumia nusu tu, yaani 42. Gawanya kwa 9: saa nne na nusu hivi. Jua likituama saa kumi na mbili na dakika chache, tuna mwangaza mpaka karibu saa tano ya usiku. Inatosha. Siku ya mvua ya kutwa, tunawasha ampule moja.

Sasa tuseme kosa letu, maana anayeficha kosa anamwachia jirani alirudie. Mara ya kwanza hatukuweka fizibo. Tulisema ni umeme mdogo, utafanya nini? Tulipofika kushikiza waya kwenye mti wa paa, tukapigilia msumari mdogo, nao ukapita katikati ya nyuzi mbili. Waya wote ulipata moto mara moja, plastiki ikaanza kuyeyuka, nyumba ikajaa harufu mbaya. Baba watoto alikimbilia batri, akang'oa waya kwa kitambaa. Watoto walikuwa wamesimama pale pale, wakingoja taa kwa furaha.

Ni kweli kwamba volti 12 hazimrushi mtu kama umeme wa mashine kubwa. Lakini batri inaweza kutoa nguvu nyingi kwa ghafla, na waya mwembamba unakuwa kama jiko. Kwa hiyo: fizibo ya ampea 2 iwekwe kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na batri, kabla ya kitu kingine chochote. Wati 9 kwa volti 12 hazifiki hata ampea moja, kwa hiyo 2 inatosha, nayo itakatika kabla waya haujaungua. Ikikatika, tafuteni kosa kwanza. Msiweke kipande cha waya mahali pake. Na nyuzi msizipigilie misumari. Sisi sasa tunazifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa kinga. Batri yenyewe ikae ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, mbali na mikono ya watoto na mbali na moto.

Kuning'iniza. Taa isishikwe na waya. Waya ni wa kupitisha umeme, kamba ndiyo ya kubeba. Taa yetu ina uzito wa kilo mbili hivi. Kabla ya kuipandisha, tulifunga kwenye kamba zilezile, juu ya mti uleule wa paa, ndoo yenye litre kumi za maji, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa ingali pale, fundo halijasogea. Mti wenu wa paa ukiwa umeliwa na mchwa, ndoo itawaambia kabla ya taa kuwaangukia.

Urefu nao una somo lake. Mwangaza ukiuweka mbali mara mbili, unachobaki nacho si nusu, ni robo tu. Ndiyo maana taa iliyo juu sana inaangaza paa na kumwacha msomaji gizani. Yetu iko juu ya meza kwa kimo cha sentimetre 75, na meza iko chini yake daima ili mtu asiigonge kwa kichwa.

Tulipoiwasha mara ya kwanza, mama mkwe aliitazama kimya, akasema, "Hii ni taa ya waungwana." Tulicheka, lakini neno hilo lilitukumbusha jambo tunalofundisha. Katika mwaka 1893, askari wa Léopold walipouteka mji wa Kasongo ya zamani, ule wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, Sidney Hinde, alishangaa kukuta ndani ya nyumba vitanda vya kuchongwa, hariri, bilauri, na mishumaa. Aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1897. Mali ya namna hiyo ilifika kutoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi katika misafara hiyo hawakuwa watu huru. Mwangaza ulikuwa wa wachache, mzigo ulikuwa wa wengi. Tunajivunia Kiswahili chetu cha Kasongo na ustaarabu wake, nasi tuna haki; lakini tuulize pia nani alikaa karibu na mshumaa na nani aliubeba.

Na swali hilo halikuishia zamani. Juma la kwanza, taa ikiwa inawaka vizuri, tulitoka jikoni tukaona nini? Kaka zake wamekaa mezani chini ya vibuyu vitatu, na binti yetu bado anaosha masufuria nje kwa mwangaza wa makaa. Tulikuwa tumehamisha taa, hatukuwa tumehamisha kazi.

Basi tulikaa, sisi wote, tukaweka sheria ya nyumba. Masufuria yanaoshwa kabla ya jua kutua, na vijana wanaosha siku zao. Tangu saa moja mpaka saa mbili na nusu ya usiku, meza ni ya mwenye daftari. Aliye na mtihani anakaa katikati. Mama mkwe anamenya karanga upande wa ukuta na kusikiliza masomo. Baada ya hapo, meza ni ya wageni. Kijana wetu mkubwa alinung'unika siku tatu. Siku ya nne tulimkuta anasugua sufuria kwa mchanga, tena vizuri kuliko sisi.

Juzi tulisahihisha tena madaftari. La binti yetu halikunuka kitu, isipokuwa nta kidogo.

Mama anayetaka kujaribu, tawi likatwe juma hili. Majuma matatu ya utara hayapunguzwi. Na wakati linakauka, kuna kazi nyingine inayoweza kuanza leo jioni bila waya wala batri: tazameni mahali taa yenu ilipo sasa, kisha mtazame mahali binti yenu alipo.

Mpaka juma lijalo, mbaki na amani.