Kisiwa cha Rubondo na Sokwe Waliotoka Ulaya

Sisi wa vilima vya Bihambwe tunalijua ziwa la Kivu na kisiwa chake cha Idjwi, ambako watu wamejaa hata milimani. Leo twendeni mashariki, tuivuke Rwanda, tufike ziwa Viktoria. Katika pembe yake ya kusini-magharibi, nchini Tanzania, kipo kisiwa cha Rubondo, na visiwa vidogo vimekizunguka kama vifaranga. Humo hamna kijiji wala shamba. Wavuvi na wakulima waliokuwamo walihamishwa, jambo ambalo kwao halikuwa jepesi. Mwaka 1965 ikawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1977 mbuga ya taifa.

Msitu umekifunika kisiwa karibu chote. Kando ya maji kuna mafunjo, na ndani yake hutembea nzohe, mnyama wa pembe mwenye kwato ndefu zilizopanuka, asizame matopeni. Viboko wamo, na mamba, na fisi-maji. Simba na chui hawamo.

Lakini habari tunayotaka kuwasimulia hasa ni ya sokwe. Zamani Rubondo haikuwa na sokwe hata mmoja. Waliomo leo ni uzao wa sokwe waliotoka Ulaya! Hao walikamatwa wangali wachanga katika misitu ya Afrika ya Magharibi, wakauzwa, wakakaa miaka katika vizimba na michezo ya sarakasi. Bwana Bernhard Grzimek, mganga wa wanyama wa Ujerumani na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliwaleta kisiwani kati ya mwaka 1966 na 1969, jumla yao 17.

Mnyama aliyezoea kulishwa kwa mkono atalijuaje tunda la mwituni? Wala hawakufundishwa. Vizimba vilifunguliwa, wakaingia msituni. Madume wawili waliwashambulia watu, wakapigwa risasi. Waliosalia walijifunza wenyewe kutafuta chakula na kutandika vitanda vyao vya majani juu ya miti, wakazaa. Watoto na wajukuu wao wakamwogopa mtu, kama sokwe wote wa porini. Siku hizi wamepita 50. Faru walioletwa kisiwani miaka ile hawakuwa na bahati hiyo: majangili waliwaua kwa ajili ya pembe, wakaisha.

Kwa nini tunawasimulia haya? Kwa sababu sokwe wako karibu nasi, katika msitu wa Walikale, na watoto wao huuzwa kwa siri. Mama sokwe hamtoi mwanawe akiwa hai. Basi kila mtoto anayeuzwa ameachiwa maiti nyuma yake, na mara nyingi si moja. Tangu mwaka 2002 watoto walionyang'anywa wauzaji hulelewa Lwiro, Kivu ya Kusini, nao sasa wamezidi 100. Msitu wa kuwarudishia upo bado. Bunduki nazo zimo.