Chumvi Motoni, Zebaki Jikoni



Mama anayepikia jiko la mafuta ya taa, awe Mwanza mjini au Sengerema, amekwisha kuliona jambo hili: sufuria ya sato ikifurika, mchuzi ukadondoka motoni, ule moto wa buluu hugeuka manjano ghafula. Mtoto akiuliza sababu, tusimfukuze. Ni ile chumvi. Ndani yake mna sodiamu, na elektroni za kila atomu ya sodiamu hukaa kama kwenye vipandio vya ngazi. Joto huirusha elektroni kipandio cha juu; ikishuka hutoa mwanga, nao ni manjano siku zote. Katikati ya vipandio viwili haiwezi kusimama, wala ngazi ya sodiamu haifanani na ya kitu kingine.

Kwa kuchambua mwanga namna hii Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, alizigawa nyota katika makundi miaka ya 1860, naye hakutoka hapa duniani!

Lakini tutazame karibu, kule Geita. Wachimbaji wadogo wengi huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki. Zebaki huikamata dhahabu, kisha tonge hilo huchomwa juu ya mkaa mpaka dhahabu ibaki peke yake. Je, zebaki imekwenda wapi? Imekuwa mvuke usioonekana wala kunuka. Wengine huchomea nyumbani, palepale jikoni walipo mama mja mzito na watoto. Mvuke huo huharibu ubongo na figo, na humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Basi wapimaji huchukua mkojo, nywele, au nyama ya samaki wa ziwani, huitoa zebaki iliyomo iwe mvuke, halafu huumulika kwa taa ya zebaki yenyewe, yenye mwanga usioonekana kwa macho. Zebaki iliyo katika mvuke huumeza mwanga huo, maana ngazi zao ni moja. Mwanga ukipungua sana upande wa pili, zebaki ni nyingi.

Nanyi akina baba mnaochimba, kipo chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke hupita bombani, hupoa, na zebaki hurudi kuwa majimaji ya kutumika tena. Hata hicho kichomeeni nje, mbali na nyumba.