Mawe ya Katanga yapimwe, wananchi waambiwe

Ukimuuliza mkubwa kama jiwe lililotoka Shinkolobwe lina urani, jibu litategemea umemuuliza nani na siku gani. Liweke jiwe hilo mbele ya kipima mionzi ya gamma, jibu ni lile lile leo, kesho na keshokutwa.

Tueleweshane kidogo. Zipo atomu ambazo kiini chake hakitulii. Huvunjika na kugeuka kiini kingine, na mara nyingi hapo hutoka mwale wa gamma. Kila aina ya kiini ina nguvu zake maalumu za mwale, mfano wa alama ya kidole. Urani yenyewe huvunjika polepole mno. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.5. Lakini vizazi vyake vilivyomo ndani ya jiwe huitangaza. Kimojawapo, bismathi-214, huonekana kwenye kiloelektronivolti 609. Kigunduzi cha jemaniamu, kinachopoozwa kwa naitrojeni ya majimaji, hutenganisha alama hizo moja moja. Vipo pia vya fuwele, nafuu zaidi, vinavyobebwa mkononi.

Sasa Shinkolobwe. Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 kwa sehemu kubwa ilitoka huko, enzi za Mbelgiji. Baadaye wananchi walirudi kuchimba kobalti kwa mikono katika ardhi hiyo hiyo. Januari 2004 serikali ilipiga marufuku, watu wakaendelea kuchimba. Julai mwaka huo mgodi ukaporomoka na kuua. Ndipo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaenda na vipimo vyao, wakaonya kuwa kukaa muda mrefu kwenye mionzi ile kunaweza kudhuru afya.

Je, ilibidi watu wafe kwanza ndipo kipimo kiletwe?

Wapo wanaosema kupima hadharani kutazua hofu na kufukuza wanunuzi. Hoja hii haina miguu. Bandari kubwa za Ulaya na Marekani zina milango ya kupima mionzi, na kontena hupita hapo. Kwa hiyo mnunuzi wa mbali ana njia ya kujua. Asiyejua ni kijana aliyebeba gunia mgongoni, na mama anayelala na watoto chumba kimoja na gunia hilo. Kontena linapimwa, mtoto hapimwi!

Sisi waandishi tuliokimbia makwetu tunaufahamu mchezo huu. Habari haifichwi kwa sababu ni ya uongo. Hufichwa kwa sababu kuna mtu itamgharimu.

Maoni yangu ni haya. Kila kituo cha kununulia madini Katanga kiwe na kipima gamma. Matokeo yabandikwe ukutani kila siku, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha maofisini. Vijana wa vyuo vya Lubumbashi wafundishwe kuvitumia, na mchimbaji awe na haki ya kupimiwa jiwe lake bila malipo. Na ndugu zetu mlioko Brussels, andikeni kwa makampuni yanayonunua kobalti, muwaulize: mawe mnayoyapima kwenu, kwa nini hamyapimi kwetu?