KENDA NJE KUSOMA NINI?



Kila ufikapo msimu wa safari za wanafunzi, wazee wetu huonekana uwanja wa ndege wamevaa kanzu zao za Ijumaa, mama zetu wanalia kwa furaha, na kijana kasimama katikati na sanduku lake jipya. Uliza anakwenda wapi, watu kumi watakujibu kwa pamoja: Misri, Uturuki, Uchina, Urusi. Uliza anakwenda kusoma nini, hapo watu hutazamana. "Kapata nafasi," basi. Sisi hatuwalaumu wazazi hao. Twawalaumu waliowaacha wasijue.

Hazijapita siku nyingi alikuja dukani kwetu mzee mmoja, mteja wetu wa zamani, akatoa mfukoni barua ya mwanawe. Kijana aliomba ufamasia. Barua ile, tulipoisoma naye neno kwa neno kando ya mizani ya sukari, ilisema ufugaji. Mzee akauliza, "Jee, huko mbele atabadilishiwa?" Hatukuwa na jawabu. Ofisi aliyoiendea ilimwambia ashukuru kwa alichopata. Ufugaji hatuudharau, Pemba yataka ng'ombe wazima kama inavyotaka watu wazima. Lakini kijana huyu hakuulizwa, wala hakuoneshwa orodha ya fani zilizokuwapo.

Wenzetu wa upande wa pili watatutolea methali: mchagua nazi hupata koroma. Sisi wauza nazi twaijua methali hiyo zaidi kuliko wao, na twajua pia kuwa asiyechagua kabisa ndiye anayejaziwa makoroma kapuni.

Tutoe mfano kwa lile tulijualo sisi tuliolelewa chuoni. Hadi leo wapo wazee Unguja na Pemba wanaodhani kuwa kijana aliyehifadhi Kurani na kukijua Kiarabu, akipelekwa Al-Azhar, hana la kusoma huko ila fikihi na lugha. Tokea mwaka 1961, kwa sheria nambari 103 ya Misri, Al-Azhar imetiwa vitivo vya utabibu, uhandisi na ukulima. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka huo huo kwa elimu za dini, leo chafundisha pia uhandisi na elimu ya kompyuta. Zaidi ya miaka sitini imepita, na mtoto wetu aliyekesha na msahafu bado haambiwi kuwa Kiarabu chake chaweza kumfikisha kwenye chumba cha upasuaji. Masharti ya kuingia huko ni mazito, na cheti cha skuli zetu hubidi kilinganishwe na chao. Hayo twayakubali. Lakini nani ajitayarishe kwa mlango asioambiwa kuwa upo?

Kisha hesabu ya miaka. Urusi, Uturuki na Uchina, anayesoma kwa lugha ya wenyewe hupitisha kwanza mwaka mzima akijifunza lugha hiyo. Utabibu Urusi ni miaka sita. Tia wa lugha, ni saba. Mzazi aliyeambiwa "mitano hivi" huja akauza mikarafuu yake mwaka wa sita.

Na karatasi yenyewe jee? Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, na shahada ya nje hupimwa na Tume ya Vyuo Vikuu kama yafaa kutambuliwa. Kupimwa hatukupingi, duka lisilo mizani ni duka la mwizi. Tume hiyo hutoa pia cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kijana kusafiri. Twauliza: ni wazazi wangapi wa Micheweni na Makunduchi waliopata kuelezwa hayo kabla ya kukata tikiti? Walioko Ukraine Februari 2022, na walioko Khartoum Aprili 2023, vita viliwakuta vitabu mkononi, wakiwamo wanafunzi wa utabibu, wakarejea na masomo nusu. Vita havina mwenye kuvijua kabla. Lakini masomo ya nusu yatapokelewa wapi, hilo lingeweza kuulizwa tokea siku ya kwanza.

Nasi tusijifanye malaika. Kabla ya 1964 vyama vya visiwa hivi vilishindana kupeleka vijana Cairo, Moscow na Peking, na mara nyingi vikahesabu vichwa kuliko fani. Sisi wenyewe tumewahi kuandika kwa fahari katika ukurasa huu kuwa vijana kadhaa "wamepata nafasi", bila ya kuandika nafasi za nini. Tulikosea. Ni mazoea ya zamani: hadi 1998 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja visiwani, na aliyevuka bahari, japo kwenda Makerere, alihisabiwa kasoma. Leo utabibu wafundishwa hapa hapa Unguja, kazi waliyoianza Wakuba wa Matanzas mwaka 2007. Bweleo, tokea 2023, IIT Madras ya India ina tawi lake, na imeanza na elimu ya data na akili mnemba. Maana hata mgeni anayetujia huja na fani aliyoichagua yeye. Basi la kufuatwa nje liwe lile lisilopatikana nyumbani, nalo haliwezi kujulikana bila ya orodha.

Orodha hiyo ndiyo tunayoitaka. Iandikwe nchi, chuo, fani, lugha ya kusomeshea, idadi ya miaka, na nani mlipaji wa tikiti ya kurudi. Iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe katika kila ofisi ya sheha mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho ya kuomba, na majina ya waliopata yabandikwe papo hapo, kila jina na fani yake. Wakubwa wakisema ofisi hazina nafasi ukutani, duka letu lina ukuta mpana upande wa barabarani, na gundi tutatoa sisi.