Ulimnyima Mche, Ulimpa Nini?



Leo mnivumilie kidogo. Sitaandika kuhusu mbolea wala bei ya vanila. Nataka kumkumbuka bibi yangu mzaa baba, tuliyemzika mwaka jana mwezi wa nne kule Muleba, mkoani Kagera. Lakini usiondoke, maana humu ndani kuna hoja ya biashara: mkulima anayemfungia jirani mlango anajitafutia hasara mwenyewe. Hasara hiyo mimi nimeipata, tena nikiwa na diploma yangu mkononi.

Wengi mnajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini waligundulika Kagera, mwaka 1983. Miaka iliyofuata, nyumba nyingi zilibaki na wazee na watoto tu. Yetu ilikuwa mojawapo. Kabla sijaingia darasa la pili, wazazi wangu wote walikuwa wameshaondoka. Bibi akabaki na wajukuu sita na kibanja cha ekari moja na kidogo.

Kwa ambaye hajawahi kufika kwetu, kibanja ni shamba linalozunguka nyumba: migomba, kahawa ya robusta katikati yake, maharage chini. Bibi alikuwa na ng'ombe wawili wa kienyeji kwa ajili ya samadi. Sisi watoto tulikata nyasi za kutandaza shambani kabla ya kwenda shule. Mkungu wa Jumamosi ulikuwa wa sokoni; hapo ndipo madaftari, sabuni na mafuta ya taa vilipotoka. Kahawa ilikuwa ada. Mimi nimesoma kwa kahawa ya yule mama, na hakuna siku aliyonikumbusha.

Sasa, katika umaskini huohuo, Bibi alikuwa anagawa. Mtu akianzisha mji mpya anakuja kuomba miche ya Nshakara au Enchoncho. Bibi anashika jembe mwenyewe, anapita shina kwa shina, anamchagulia ile yenye majani membamba, yenye kitako kinene. Chuoni nilikuja kufundishwa kwamba hiyo inaitwa miche upanga na ndiyo bora kupanda. Bibi alilijua hilo bila jina. Na hakuuza hata mche mmoja. Alisema na yeye alipoolewa alipewa.

Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba ukaripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania, tena hukohuko Muleba. Anayeufahamu ugonjwa huu hahitaji maelezo mengi. Majani yananyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinakuwa na rangi ya kutu, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Dawa ya kupuliza ukapona hakuna. Unasambaa kwa panga, kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume, na kwa miche. Mche unaweza kuonekana mzima kabisa kumbe umeshabeba ugonjwa.

Miaka michache baada ya kuajiriwa nilirudi nyumbani likizo. Kibanja cha Bibi kilikuwa safi; nilikikagua shina kwa shina. Lakini kijiji cha pili ugonjwa ulikuwepo, basi nikatoa amri: kuanzia leo hakuna kumpa mtu mche. Bibi alinyamaza. Siku mbili baadaye akaja jirani yetu, mjane, tunayepakana naye kwa upande wa bondeni, akaomba miche minne ya kujazia mapengo. Nilimjibu mimi, palepale uani, kwa sauti ya mtaalamu. Nikamwambia mambo ya kuombana miche yamepitwa na wakati. Yule mama aliaga kwa heshima akaenda zake. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Kumbe shida yake haikuondoka. Alinunua miche kwa mtu aliyekuwa akiipitisha kwa baiskeli, bila kujua imetoka wapi. Mwaka uliofuata migomba yake ikaanza kunyauka. Haukupita muda, ugonjwa ukavuka mpaka. Tuling'oa mashina kumi na moja ya migomba ya Bibi, mengine yalikuwepo kabla mimi sijazaliwa.

Nilitegemea anilaumu. Hakunilaumu. Tulikuwa tumekaa uani jioni, mikono ina udongo, akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, ulimnyima mche. Sasa ulimpa nini?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwonyesha namna ya kutambua mche wenye mashaka. Ningeweza kumwelekeza TARI Maruku akaulizie miche safi. Ningeweza hata kumwambia asubiri, apande maharage kwanza. Nilikuwa na elimu yote hiyo kichwani na nilimpa katazo peke yake.

Kesho yake Bibi alitangulia bondeni na panga lake. Tukamsaidia mjane kung'oa yaliyougua, na baada ya kila shina Bibi alikuwa anapitisha panga kwenye moto. Akampa mbegu ya maharage na vipando vya viazi vitamu, sehemu ile ikapumzika migomba kwa misimu miwili. Baadaye, tulipohakikisha pande zote mbili ni safi, alimpa ile miche minne.

Sasa nigeuke kwenu. Nawapenda, mnalima kwa akili na mnaweka kumbukumbu. Ila kuna tabia inaota mizizi, na mimi nasema waziwazi siipendi. Unakuta kijana ana ekari tano, kaweka uzio, jirani akija kuuliza anaambiwa "nenda kasome mtandaoni." Mwingine shamba lake limeingia ugonjwa, anaficha ili wanunuzi wasikimbie. Eti jirani ni mshindani. Ndugu yangu, nyuki akitua kwenye ua dume lenye ugonjwa kwa jirani, uzio wako hauoni!

Najua mtaniambia, bwana shamba, biashara si sadaka. Sawa. Tufanye hesabu basi. Kumwonyesha jirani namna ya kukagua migomba yake ni asubuhi moja. Kung'oa mashina yako, kuacha ardhi ikae miezi sita au zaidi bila mgomba, halafu kusubiri tena mwaka na zaidi ndipo ukate mkungu, hiyo ni gharama gani? Shamba safi katikati ya mashamba yanayougua ni suala la muda tu.

Na sisemi mgawe ovyo. Kuhusu hatari ya miche nilikuwa sahihi, na Bibi alilikubali hilo. Mche wa mashaka usimpe mtu hata kama ni ndugu yako. Lakini toa hivi ambavyo havikupunguzii kitu:

- Mfundishe jirani kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu kichana cha mwisho kinapotoka.
- Usiazime panga kabla ya kulipitisha kwenye moto, au kulisafisha kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tano. Na likirudi, fanya hivyohivyo.
- Ukiona dalili kwako, mwambie jirani siku hiyohiyo. Aibu ya siku moja ni nafuu.
- Ukimkatalia mtu mche, mwelekeze atakapopata ulio salama.

Siku ya msiba wa Bibi watu walileta ndizi, kama ilivyo desturi kwetu. Nilikuwa napokea pale nyuma ya nyumba. Yule mjane wa bondeni, mzee sasa, alikuja na mkungu wa Nshakara mjukuu wake ameubeba kichwani. Akaniambia, "Hii ni yake." Nilishindwa kusema kitu, nikaupokea tu.

Wiki hii mtembelee jirani unayepakana naye. Kagueni mpaka wenu pamoja.

Kila la heri shambani.