Sinema ya Vita na Vijana Wetu

Kila mwaka, shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, vijana wetu wa Biharamulo na Ngara hufanya kazi za shamba asubuhi, na jioni hupata nafasi. Nafasi hiyo wengi wao huitumia kutazama sinema za vita, ama katika vibanda vya video vilivyo karibu na magulio, ama katika simu za mkononi. Kisha Januari ikifika, wakiwa wanafua sare zao na kufunga madaftari, huwaambia wenzao ya kwamba sasa wameijua historia, kwa kuwa wameiona kwa macho yao. Neno hilo ndilo tunalotaka kulipinga leo. Twasema wazi: aliyeona sinema ya vita hajaviona vita, na mara nyingi ameonyeshwa upande mmoja tu huku upande wa pili umefunikwa. Na uliofunikwa ndio upande wa babu zake.

Tusiseme maneno ya hewani. Tuchukue sinema moja ambayo habari yake ni ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1935 mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, alitoa kitabu kiitwacho The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akakifanya sinema ya jina hilohilo, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa waigizaji wakuu. Habari yenyewe yaanza mwaka 1914 katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, yaani nchi hii yetu. Yuko mmisionari Mwingereza pamoja na dada yake, na kijiji cha Wakristo weusi. Wadachi waja na askari wao, waziteketeza nyumba, wampiga mmisionari, na kuwafukuza wanakijiji wote mbele yao kama mbuzi. Mmisionari aingiwa na homa, afa. Dada yake apanda mashua ya fundi mmoja Mzungu, nao wawili washuka mtoni mpaka ziwani ili kuizamisha merikebu ya Wadachi. Njiani wapendana. Mwisho wake merikebu yazama, nao wapona.

Hatusemi kwamba sinema hiyo ni mbaya kwa kutazama. Imetengenezwa kwa ustadi, na Bogart alipewa tuzo kubwa ya Marekani kwa uigizaji wake. Lakini twawaomba vijana wajibu swali moja. Wale wanakijiji waliofukuzwa mwanzoni, walikwenda wapi? Sinema yaendelea zaidi ya saa nzima baada ya hapo, wala haiwarudii. Hapana aulizaye habari zao, wala yule dada aliyeishi nao miaka mingi na kuwafundisha dini. Kabla ya kufukuzwa wameonyeshwa mara moja tu kanisani, wakipiga makelele bila mpango mahali pa kuimba wimbo wa ibada, ili mtazamaji acheke. Basi hiyo ndiyo sehemu tuliyopewa katika vita vilivyopiganwa juu ya ardhi yetu: kuchekwa, kisha kutoweka.

Swali ambalo sinema haikulijibu, historia yalijibu. Wengi wa watu wa namna ile walitiwa mizigo vichwani. Katika nchi hii wakati ule reli zilikuwa mbili tu, ya kati na ya Tanga, na barabara za motokaa zilikuwa chache mno. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga, sharti kichukuliwe na mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratli 50 au 60. Na hesabu yake ilikuwa ya kutisha, nayo kijana yeyote wa darasa la sita aweza kuifanya. Mtu akichukua kilo 25 za unga, naye ale kilo moja kila siku, basi akienda siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, amekula kilo 24. Kilichomfikia askari vitani ni kilo moja. Kwa hiyo kila jeshi lilipokwenda mbali zaidi, watu waliotakiwa waliongezeka kwa maelfu, na chakula chao kilipunguzwa.

Waingereza peke yao waliandika wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vile. Waliokufa na vifo vyao vikaandikwa walikuwa karibu laki moja, na wataalamu wa historia waona kuwa hesabu ya kweli ilipita hapo. Hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi, kwa unga usioiva vizuri na kwa baridi ya mvua bila blanketi. Wadachi nao walikuwa na wapagazi wao, na Wabelgiji wao, na wengi wa hao hawakuandikwa majina popote. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam ni kambi ya kikosi cha wapagazi, kadhalika na Kariokor ya Nairobi. Kijana wetu anaponunua viatu Kariakoo akanyaga historia ambayo sinema haikumwonyesha.

Na jambo moja latushangaza. Waliopiga sinema hiyo walikwenda kweli Kongo na Uganda, na huko wengi wao wakashikwa na ugonjwa wa kuhara. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kwa kicheko, kuwa ni taabu waliyoivumilia kwa ajili ya kazi yao. Nao walikuwa na daktari na maji ya chupa. Ugonjwa wa namna hiyohiyo uliwaua wapagazi kwa maelfu katika nchi hizi, wala hautajwi hata kidogo katika sinema inayodai kutuonyesha vita vyao.

Huenda mtu wa Biharamulo akasema, "Hayo yalikuwa ya mbali." La, hayakuwa mbali. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaushambulia mji wa Bukoba, wakaibomoa mitambo ya simu ya upepo, na mji ukatekwa nyara. Mwaka uliofuata Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, waliingia kutoka Kongo. Mwezi wa Mei 1916 waliishika Kigali. Mwezi wa Juni kikosi cha Kanali Molitor kiliishika Biharamulo na kufika ziwani. Tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Lile boma la Wadachi ambalo lingali limesimama Biharamulo, na watoto wetu hupita mbele yake, lilibadilisha bendera katika safari hiyo. Majeshi yaliyopita hapa yalikula, na walichokula kilitoka mashambani. Yalichukua mizigo, na vichwa vilivyoichukua havikuletwa kutoka Ulaya. Nchi jirani ya Rwanda ilipatwa na njaa kuu iitwayo Rumanura katika miaka hiyohiyo, na Ugogo ikapatwa na njaa iitwayo Mtunya. Kisha mwaka 1918 homa ya mafua ikaja kuwamaliza waliobaki dhaifu. Wazee wetu husema kuwa wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Nasi twaongeza: nyasi zile zilikuwa na majina, na mama zao waliwangojea.

Hata habari ya merikebu yenyewe, kijana aliyeijua kwa sinema ameijua vibaya. Merikebu ya kweli iliyomfanya mwandishi atunge habari yake ni Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika. Haikuzamishwa na mwanamke shujaa na fundi wake. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa reli, kisha zikakokotwa porini na milimani kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu weusi waliofyeka njia na kujenga madaraja. Mashua hizo ziliikamata Kingani mwezi wa Desemba 1915, na pamoja na Wabelgiji wakaizamisha Hedwig von Wissmann mwezi wa Februari 1916. Götzen, Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikachukua abiria wetu kwa miaka mingi. Je, habari hii ya kweli si ya ajabu kuliko ile ya kubuni?

Sisi Wakristo twaudhika kwa jambo jingine pia. Katika sinema, mmisionari akifa, kanisa limekufa. Nyumba imeteketea, basi, imekwisha. Mtazamaji afundishwa kuwa dini ilikuwa mali ya mtu mmoja mgeni. Lakini ilikuwaje kwa kweli? Wadachi waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, na pamoja nao waliwafunga na kuwapiga walimu weusi wengi, kwa kuwadhania kuwa wapelelezi. Wengine hawakupata kufunguliwa mpaka Tabora ilipoanguka. Na baadaye wamisionari wa Kidachi walipoondolewa nao, katika Buhaya na mahali pengine Wakristo wenyewe ndio walioshika ibada, wakafundisha watoto, wakazika wafu, wakangoja. Kanisa halikufa, kwa sababu halikuwa la mtu mmoja. Sinema ambayo haijui jambo hilo haijui kanisa, wala haifai kuwa mwalimu wa Mkristo katika habari hiyo.

Wako watakaotujibu, "Ninyi walimu mwataka mengi. Hii ni hadithi ya mapenzi na mashua, si kitabu cha historia." Twakubali ya kuwa ni hadithi. Walakini hadithi ikitaja mwaka na nchi na vita vya kweli, kijana huiamini kuwa kweli. Na asipokuwa na habari nyingine moyoni, hiyo ndiyo itakayobaki. Tumewasikia vijana wakisema kuwa vita vya 1914 vilikuwa vya Wazungu, sisi hatukuwamo. Ndilo tunda la kuonyeshwa vita visivyo na watu wetu.

Wala hatutaki vijana waruke kutoka kosa moja hadi jingine, wakasema kuwa Wazungu wote walikuwa waovu na weusi wote wasio na hatia. Mikono iliyotia moto nyumba mara nyingi ilikuwa ya askari weusi, na waliowakamata wapagazi vijijini walikuwa pengine jumbe na jamaa zao. Hilo nalo ni kweli, nalo lafaa kujulikana kuliko yote, maana ndilo linaloweza kutupata tena. Kijana anayetazama sinema hujiona kila mara kuwa ndiye shujaa mwenye bunduki. Hapana sinema inayomwuliza: ukipewa amri ya kuichoma nyumba ya bibi asiyekukosea, utafanyaje?

Basi tufanye nini? Wazazi wengine wanataka vibanda vifungwe na simu zinyang'anywe. Hatukubaliani nao. Kijana anyimwaye sinema bila kupewa kitu badala yake ataitafuta gizani, na hatakuwa na wa kumwuliza. Afadhali atazame, kisha aulizwe. Baba na mama, mtoto akimaliza kutazama, mwulizeni maneno matatu tu: Ni nani aliyechukua mizigo? Ni nani aliyepika, na chakula kilitoka shamba la nani? Na wale waliotoweka katikati, walikwenda wapi? Atakayeyatafuta majibu hayo amekwisha kuanza masomo kabla kengele ya Januari haijalia.

Na watu wa kuulizwa wapo. Wapagazi wa 1914 wamekwisha kufa, lakini majina yao na visa vyao vingali katika nyumba za wajukuu. Wako wazee wa mkoa huu waliokimbia majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na wako waliokwenda vitani kuyarudisha nyuma mwaka 1979. Na watu wa Ngara hawahitaji sinema ya kuwaambia vita huishia wapi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja au mbili, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaketi Benaco wakiwa na mikeka na vyungu na watoto mgongoni. Miti ilikatwa hata vilima vikabaki wazi. Maji yakawa ya kupimwa. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati ule leo ni mtu mzima, aweza kusimulia. Kijana na akae naye jioni moja, aandike katika daftari lake, na siku ya kufungua shule atuletee. Tutaisoma mbele ya darasa kwa furaha.

Mauaji ya kwanza yalipotendeka duniani, Mungu hakumwuliza Kaini habari ya silaha wala ya ushindi. Alimwuliza ndugu yake yuko wapi. Swali hilo ndilo tunalotaka kila kijana Mkristo achukue aingiapo kibandani. Mashua ikiwa inashuka mtoni na watazamaji wote wanaishangilia, yeye ageuze macho yake nyuma, kwenye moshi wa kile kijiji, na aulize kwa sauti. Wenzake wakimcheka, asinyamaze. Maana akiwa wa hapa, waliofukuzwa ni watu wake.